Jicho la Pili Kwenye Tangi la Boila

Siku ya kuniaga, kiwanda kilinipa blanketi, saa ya ukutani na kiti chenye mito mbele ya watu wote, kisha nikaambiwa niwaachie vijana maneno mawili. Nikasema asanteni sana, nikaketi. Watu wakapiga makofi wakidhani mzee ana unyenyekevu. Wapi! Maneno niliyokuwa nayo yalimhusu mwanamume aliyeketi mstari wa mbele pamoja na mke wake, na mke mwenyewe ni binti yangu Kemunto, na kwetu mambo kama hayo hayasemwi kwenye kipaza sauti. Nikaondoka nayo tumboni hadi nyumbani, huku Nyamache. Sasa ni miezi, bado hayajashuka, kwa hiyo nawaandikia.

Ninyi mnaoshika boila sasa mmesoma. Mna vyeti vya chuo, mna buti zenye chuma mbele, mna kile kidude cha kupimia hewa ambacho sisi tulikutana nacho uzeeni. Nawaheshimu. Nawaogopea pia, sitaki kuwaficha. Nimekaa mbele ya moto wa kuni miaka ishirini na minane katika kiwanda hicho hicho cha majani chai, na mmerithi boila lile lile na tangi lile lile. Kosa nililolifanya mimi halikutokana na kukosa shule. Hata ningekuwa na shahada mbili ningelifanya, na ndiyo sababu siwezi kutulia nikiwafikiria.

Nianze na maji. Mgeni akiingia chumba cha boila huutazama moto, akarudi nyuma hatua moja. Moto ni wa kusingiziwa tu. Moto ukiuvuta nje unakufa. Kinachopaswa kuwatisha ni maji kupungua. Boila likiwa na maji ya kutosha, tia magogo ya mkaratusi upendavyo. Maji yakishuka chini ya mabomba, chuma kinaanza kuiva, kinakuwa chekundu, halafu atokee mtu mwenye huruma aone kioo kinachoonyesha kimo cha maji ni kitupu, afungulie maji baridi akidhani anasaidia. Hapo ndipo chuma hupasuka, na mvuke hauchagui nani ana watoto. Mzee Onsongo, mkuu wa boila aliyenifundisha, alinipeleka nikaone ukuta wa kiwanda kimoja cha mbali ambacho boila lake lilipasuka. Alininunulia chai na mandazi, kisha akaniuliza kama bado naitaka kazi.

Maji hayo ya boila hutoka kwenye tangi. Mnalijua: lile la chuma juu ya nguzo, kimo cha mtu na nusu, tundu la kuingilia juu, bomba la kutokea chini. Pampu hunyonya kwenye bomba hilo na kulisha boila mchana kutwa. Kwa mwaka mzima tangi hukusanya kutu, magamba na tope jekundu linaloteleza kama mlenda. Kwa hiyo mara moja kwa mwaka, wakati wa baridi majani yanapopungua mashambani, kiwanda hufungwa siku kadhaa, moto huzimwa, boila husafishwa masizi na magamba, na tangi huoshwa.

Hapo kuna mambo ya kushika. Msimwage maji ya boila likiwa bado moto kwa sababu mnataka kuwahi kwenda nyumbani. Tope litakaukia kwenye chuma likawa ukoko, mtaligonga kwa nyundo siku nne. Mkiingia kwenye tangi, vueni ovaroli na mbaki na kaptura, kwa kuwa ovaroli huingiza mafuta, vifungo na nyuzi kwenye maji safi. Na msisugue kwa brashi ya waya. Brashi ya waya huchuna rangi ya ndani, na pale ilipochuna kutu huanza siku hiyo hiyo. Mzee Onsongo alitufundisha kutumia maganda makavu ya mgomba, tunayasokota hadi yanakuwa bonge la kutosha kiganja, jinsi mama zetu walivyosugulia vyungu. Tuliyaita visugulio. Hung'arisha chuma bila kukiumiza. Shida yake ni moja, kisugulio kikikaa ndani ya maji hulainika, hufunguka na kuwa nyuzi ndefu, na nyuzi hufuata maji yanakokwenda.

Ndiyo maana vilihesabiwa. Vikiingia kumi na viwili, vitoke kumi na viwili, vipangwe juu ya gunia mbele ya macho ya watu kabla tundu halijafungwa. Nacheka nikikumbuka mwaka nilipokula obokima, ugali wetu, ya watu wawili asubuhi, nikashuka tangini vizuri, kutoka nikakwama kiunoni kwenye tundu. Walinipaka sabuni. Mzee Onsongo akasema hataki kumhesabu mtu pamoja na visugulio, akakataza ugali mzito siku ya tangi. Sheria hiyo ipo hadi leo, na wengi wenu hamjui ilitoka kwenye kiuno changu.

Sheria yake kubwa ilikuwa jicho la pili. Aliyeosha haruhusiwi kusema tangi ni safi. Akishatoka, mtu mwingine ambaye hakuosha anaingia na tochi, anapapasa pembe zote, anatia mkono kwenye mdomo wa bomba la chini, anatoka na kusema kwa sauti, "Nimeona, nimegusa." Ndipo tundu hufungwa, naye anatia sahihi kwenye fomu. Hata Mzee Onsongo mwenyewe akiosha, jicho la pili liliweza kuwa kijana aliyeajiriwa jana. Niliwahi kumwambia, Mzee, wewe huna haja. Akaniambia nikachote majivu.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Nyabuto alikuwa mchomaji bora kuliko wote tuliokuwa nao. Alijua kuusikia moto. Nilimpenda tangu alipoanza kazi; tulioga kwenye bomba moja baada ya zamu, tukitaniana. Kisha akampenda Kemunto, Kemunto akampenda, wazee wakakaa, mambo yakakamilika. Akawa mkwe wangu, na kuoga pamoja kukaisha siku hiyo.

Wenzangu wa nyumbani hawahitaji kuelezwa, lakini kuna wengine wenu mmetoka mbali. Kwetu Kisii kuna kitu tunakiita ensoni. Ni aibu, lakini ni aibu ya heshima. Mkwe hamwoni baba mkwe wake akiwa nusu uchi, wala baba mkwe hamwoni yeye. Hawabishani mbele za watu. Mkwe hamkagui mzee wake. Basi Nyabuto nikiingia chumba cha kubadilishia nguo, yeye hutoka. Nikipita mlangoni, yeye husimama pembeni akitazama chini. Wenzetu walitucheka, wakauliza tutafanyaje siku ya tangi. Na mimi niseme ukweli, heshima ile ilinifurahisha. Siku hizi wakwe wengine wanakupungia mkono tu kutoka ng'ambo ya barabara. Nilitembea kiwandani kifua mbele.

Mwaka ule ratiba ya usafi ilipangwa na Injinia Mwende, mwanamke kutoka Machakos asiyependa maneno mengi. Aliniandika mimi na mwenzangu Omweri ndani ya tangi, Nyabuto jicho la pili. Kwake yalikuwa majina matatu kwenye ubao. Ningeweza kwenda ofisini na kumwambia, Injinia, huyu ni mkwe wangu, tubadilishie. Dakika moja tu. Nikaona haya kumweleza mtu wa mbali mambo ya nyumbani. Nikadhani ataona sisi ni watu wa kale. Tena, nisijitetee, nilikuwa nimeosha tangi lile miaka mingi hata nikaanza kuona jicho la pili ni la watu wengine.

Tuliingia na visugulio kumi na viwili. Katikati ya kazi Omweri akaitwa kusaidia kwenye bomba la moshi, akaniachia vyake, nikamaliza peke yangu, hata wa kunishikia kamba hakuna. Nilipokuwa nasuuza mara ya mwisho nikasikia mtu akikohoa juu. Ni Nyabuto, amefika na tochi yake. Nikapanda ngazi na kutoka na kaptura tu, tope limenijaa hadi masikioni. Lile jukwaa la juu ya tangi mnalijua, watu wawili wakisimama wanagusana mabega. Alikuwa amenipa mgongo, amebana ubavuni kabisa, nusura aanguke. Nikapata aibu, nikafanya haraka. Visugulio sikuvipanga. Nilivitupa ndani ya gunia vyote kwa mkupuo, nikavuta ovaroli.

Na sasa ilikuwa zamu yake kuingia. Mshika kamba, anayeshika kamba ya usalama ya aliye ndani, anatakiwa abaki tunduni, na wakati huo nilikuwa mimi. Ili aingie ilimbidi avue ovaroli mbele yangu, ashuke, apapase nilipokwisha kupangusa, kana kwamba anautilia shaka mkono wa mzee wake. Nilimwona akigusa kifungo cha kwanza, akakiacha. Akapiga magoti kwenye ukingo, akamulika tochi kutoka juu, kushoto, kulia.

"Iko sawa, Tata," akasema, yaani baba.

Hakusema nimegusa. Nilisikia kwamba hakusema. Nikamjibu asante, tukafunga, akatia sahihi. Tukashuka ngazi, yeye kwanza, mimi baadaye, kila mmoja ameridhika na adabu ya mwenzake.

Mkaguzi alikuja, boila likajaribiwa kwa maji, moto ukawashwa mdogo mdogo kama inavyotakiwa, na asubuhi ya siku ya tatu mvuke ulikuwa umepanda, majani ya wakulima yameshamwagwa, mashine zinanguruma. Nyabuto ndiye aliyekuwa mbele ya moto. Mimi nilipewa kazi nyepesi ya kukusanya vifaa vya usafi. Nikalishika lile gunia ili nivitupe visugulio motoni, na kwa mazoea tu ya mkono, nikavihesabu.

Kumi na kimoja.

Nikavihesabu tena. Nikalikung'uta gunia. Nikavipanga sakafuni kimoja kimoja, jinsi nilivyopaswa kuvipanga siku ile juu ya jukwaa. Kumi na kimoja. Nikajiambia Omweri alitoka na kimoja mkononi, akakitupa huko kwenye masizi. Omweri alikuwa ameenda matangani upande wa Mosocho. Nikampigia simu, haipatikani. Nikapiga mara saba. Yule dada wa kwenye simu nilimchukia siku hiyo kama mtu ninayemjua.

Nikaenda kusimama mbele ya kioo cha maji. Maji yalikuwa nusu, mazuri, yanacheza kidogo kama kawaida. Pampu ikaingia, ikalisha, ikanyamaza. Nikapumua. Nikasema nitakaa kidogo. Nyabuto aliponiona akasogea upande wa pili wa mlango wa moto, akaendelea kutia magogo bila kuniuliza ninataka nini. Heshima tena. Laiti angeniuliza.

Mtasema, na king'ora je? King'ora kilikuwepo. Huamshwa na boya, na boya lile mwaka uliotangulia lilinata kwenye tope hadi tukaligonga na nyundo. Boya siliachii maisha ya mtu.

Pampu ikaingia tena, na safari hii ikakohoa. Ni sauti ndogo. Kwa mtu mwingine ni kelele tu ya kiwanda. Pampu inayopata maji huvuma. Inayonyimwa maji hukwaruza kooni. Nikatazama kioo, maji yako kidole kimoja chini ya nusu. Baadaye kidogo, vidole viwili. Nikatazama ule mgongo wa Nyabuto, shati limelowa jasho, amesimama hatua tatu kutoka kwenye chuma. Nikamwona Kemunto na tumbo lake la miezi saba.

Lakini sikupiga kelele, vijana. Nataka mjue kilichonizuia, kwa kuwa kitawazuia na ninyi. Nilijua nikisema, Injinia atauliza nani alikuwa jicho la pili. Sahihi ya uongo kwenye fomu ile ni kufukuzwa kazi, na Nyabuto angetolewa langoni siku hiyo hiyo. Ningekuwa nimemvua nguo mkwe wangu mbele ya kiwanda kizima. Nikasimama pale nikipima: aibu yake huku, uhai wake huku, na mimi mzee mzima nikawa napima kweli, kana kwamba ni vitu vya mizani moja. Sijui nilipima dakika ngapi. Hizo dakika ndizo ninazoziota.

Mwishowe nikamwita kando ya rundo la kuni. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi uchi wangu ulikuwa ndani ya bomba.

"Nyabuto, siku ile mkono wako uligusa mdomo wa bomba?"

Akatazama chini. Angeweza kusema ndiyo, nami ningelazimika kuamini.

"Sikuingia, Tata," akasema. "Ulikuwa umesimama pale."

"Nilijua hukuingia," nikamjibu. "Kisugulio kimoja hakipo."

Aligeuka, akachukua reki ndefu, akafungua mlango wa moto. Nami nikafunga hewa, nikachukua reki ya pili. Tulivuta magogo yanayowaka hadi sakafuni, tukayafukia kwa mchanga. Shikeni hili: maji yakishuka, toeni moto, na mikono yenu isiguse vali ya maji baridi hata mtu akiwapigia kelele. Na kelele zilikuja. Mvuke ulianza kulegea, mashine za ndani zikazubaa, na Injinia Mwende akaja mbio akiuliza nani ameamuru moto utolewe wakati majani yamejaa kiwandani.

"Mimi," tukajibu sote wawili, kwa pamoja.

Akasema aseme mmoja. Nikasema nimeacha kisugulio ndani ya tangi. Akauliza jicho la pili lilikuwa la nani. Nyabuto akasema ni lake, na hakuingia, alitia sahihi tu. Nikaona uso wa yule mama ukibadilika, nikajua anachotaka kutamka, nikamkatiza. Nikamweleza yote pale pale, mbele ya watu wa kuni na watu wa mashine: huyu ni mume wa binti yangu, hawezi kuvua nguo mbele yangu, wala hawezi kunikagua, na mimi nilijua hakuingia nikanyamaza kwa sababu ilinipendeza. Nilisema kwa Kiswahili, na kila neno lilikuwa zito kuliko ambavyo lingekuwa kwa Kikisii. Nilitaraji acheke. Hakucheka.

"Na leo ataingia?" akauliza.

Tulikausha tangi, tukapitisha hewa, tukasubiri lipoe. Mchana ulikuwa umeshapinduka. Nikasema nitaingia mimi, ni uchafu wangu. Nyabuto alikuwa amesimama chini ya ngazi.

"Hapana, Tata," akasema. "Wewe ulishaosha."

Ilikuwa mara ya kwanza mkwe wangu kuniambia hapana. Neno hilo lilinichoma, halafu likanituliza, sijui niseme vipi. Akapanda. Kati ya waliofunzwa kushika kamba, aliyekuwepo siku hiyo ni mimi tu, Omweri bado yuko matangani, kwa hiyo nikapanda nyuma yake. Akavua ovaroli, akabaki na kaptura. Ensoni inasema geuza uso. Sheria ya tangi inasema mshika kamba asimwondolee macho aliye ndani hata kwa kufumba. Nilitamani ardhi inimeze. Nikatazama. Nilimtazama kila hatua, mgongo, mbavu, nyayo, huku machozi yananitoka, na watu wa chini wote waligeukia ukuta kwa kutuonea haya.

Akapiga magoti, akatia mkono kwenye bomba hadi kwenye kiwiko, akavuta. Akavuta tena. Kikatoka, kimeshafunguka nusu, nyuzi ndefu zimeingia ndani urefu wa mkono wa mtu mzima, zimejisokota na tope. Akakiinua juu ili nikione. Nikamuuliza Injinia maji ya boila yangetosha muda gani. Akasema labda saa moja, labda chini ya hapo. Sikutaka aendelee.

Majani ya siku hiyo mengine yalipelekwa kiwanda jirani, mengine yaliharibika, na ya shamba langu yalikuwemo. Mke wangu aliniuliza yameozea nini, nikamjibu yameozea heshima, na hadi leo anadhani nilikuwa namtania. Mimi nilipewa barua ya onyo. Nyabuto alisimamishwa wiki mbili, na Injinia akasema angekuwa nje kabisa kama asingesema ukweli kabla ya kuulizwa mara ya pili. Nyumbani wazee walisikia habari za kaptura, wakatukalisha, wakadai mbuzi, tukatoa, wakala wakasema imekwisha. Kemunto ndiye hakusema imekwisha. Alikuja na tumbo lake, akasimama mlangoni, akatutazama sote wawili tulioketi mbali mbali kwa adabu.

"Mlitaka nizae mjane," akasema, "kwa ajili ya kaptura?"



Injinia Mwende hakuandika ripoti ndefu. Aliongeza mstari mmoja kwenye fomu ya kuingia tangini, ule ulio juu ya sahihi. Unauliza: je, kati ya mnaofanya kazi hii leo, kuna mtu ambaye wewe huwezi kumwambia hapana? Ukijibu ndiyo, unabadilishwa bila kuulizwa sababu.

Wiki ya mwisho kabla sijaondoka nilitoa faili la fomu hizo nikazisoma zote. Vijana, mmeandika Hapana. Wote. Hapana, Hapana, Hapana, kwa kalamu moja na mwandiko wa haraka, nyingine zimejazwa chini kabla hata ngazi haijasimamishwa. Mmoja wenu alikuwa jicho la pili la mwalimu aliyemfundisha shule ya msingi. Mwingine la kaka yake mkubwa anayemlipia nyumba. Nilizirudisha mahali pake, na ndiyo sababu kipaza sauti kilinishinda.

Maana mkuu wa boila sasa ni Nyabuto. Mnamjua. Anaujua moto kuliko mimi, na bado anaingia tangini mwenyewe kila mwaka, na ana ule mdomo wake mkali. Nilimtuma Kemunto amwombe ruhusa ya kuandika haya. Akarudisha jibu kwamba niandike yote, kaptura pia. Nampenda. Lakini nimeona mnavyosimama pembeni anapopita, na jinsi mnavyotazama chini. Nimewahi kusimamiwa hivyo, ni kutamu sana, na naogopa.

Kwa hiyo siku atakapotoka tangini na tope masikioni, akasema ni safi, fungeni, wewe uliyeandikwa jicho la pili vua ovaroli uingie. Atakunja uso. Pengine atakuuliza nani amekutuma. Mwambie umetumwa na baba mkwe wake. Hapo hatabisha.